Paa la chuma lipimwe kabla ya kubebeshwa mzigo mpya

KATIKA maeneo ya viwanda ya miji mikubwa ya Afrika Mashariki, mapaa ya mabati ambayo kwa miaka mingi hayakuwa na kazi nyingine ila kuzuia jua na mvua, sasa yanapewa kazi ya pili. Juu ya maghala, viwanda, shule na nyumba za ibada hufungwa paneli za umeme wa jua, matenki ya maji, mashine za viyoyozi na mabango ya matangazo. Ndani, chini ya vyuma vilevile, huning'inizwa dari za jipsamu, feni, taa na mabomba.

Mwenye jengo huiona faida mapema. Bili ya umeme hupungua, maji hayakatiki na joto la ndani hushuka. Kinachosahaulika aghalabu ni swali moja: je, vyuma vinavyoshikilia paa hilo vilisanifiwa kubeba mzigo huo?

Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa njia rahisi. Fundi hupanda juu, hutembea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, hukanyaga kwa nguvu mara mbili tatu, kisha hushuka na kutangaza kuwa paa ni imara. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi.

Kwa hakika jaribio hilo halithibitishi lolote, ila kwamba paa limeweza kumbeba mtu mmoja kwa dakika chache. Paneli hukaa juu ya paa miaka 20 hadi 25, usiku na mchana, katika jua, mvua na upepo. Chuma kinachomhimili mpita njia si lazima kimhimili mpangaji wa kudumu.

Yaliyotokea Riga

Gharama ya kukosea katika jambo hili ilionekana Riga, mji mkuu wa Latvia, jioni ya Novemba 21, 2013. Katika kitongoji cha Zolitūde kulikuwa na duka kubwa la Maxima, lililofunguliwa mwaka 2011. Juu ya paa lake, lililoshikiliwa na kenchi za chuma, mafundi walikuwa wakiendelea kutengeneza bustani, kwa kupandisha udongo na mawe ya kutandaza njia, huku wateja wakinunua mahitaji yao chini.

Alasiri hiyo king'ora cha tahadhari kililia, lakini watu hawakuondolewa na biashara ikaendelea. Muda mfupi kabla ya saa 12 jioni paa likaporomoka. Watu 54 walipoteza maisha, wakiwamo askari wa zimamoto waliokuwa wameingia kuokoa wengine. Siku chache baadaye Waziri Mkuu Valdis Dombrovskis alitangaza kujiuzulu.

Uchunguzi ulibaini kuwa maungio ya kenchi, yaliyofungwa kwa bolti, hayakusanifiwa kuhimili mzigo uliowekwa juu yake. Mwaka 2020 mahakama ilimtia hatiani mhandisi aliyesanifu miundo hiyo. Udongo na mawe ulikuwa mzigo uliotarajiwa tangu mwanzo, lakini hesabu ya kuubeba ilikuwa na makosa. Paa ambalo mzigo wake mpya haukuwahi kupigiwa hesabu hata mara moja lina sababu kubwa zaidi ya kutiliwa shaka.

Mzigo hushuka kwa ngazi

Ili kuelewa kinachopimwa, ni vyema kufuata safari ya mzigo. Kilo moja iliyowekwa juu ya bati hulilemea bati kwanza. Bati huisukuma kwenye papi, yaani vyuma vyembamba vilivyolazwa kukatisha mteremko wa paa. Papi huipeleka kwenye kenchi au fremu kuu, fremu huishusha kwenye nguzo, na nguzo huikabidhi kwa msingi. Kati ya kila ngazi na inayofuata kuna bolti, skrubu au kiungo kilichochomelewa.

Paa zima huwa imara kwa kadiri ya ngazi iliyo dhaifu kuliko zote. Mtu wa kawaida akiingia ghalani huvutiwa na fremu kuu, kwa kuwa ndizo nene na za kutisha. Hata hivyo, katika majengo mengi ya chuma fremu hizo sizo zinazoshindwa kwanza. Ngazi dhaifu aghalabu ni papi na maungio yake.

Sababu yake ni ya kibiashara. Majengo ya chuma yanayotengenezwa kiwandani na kuja kuunganishwa kwenye kiwanja husanifiwa kwa namna ya kubana matumizi ya chuma. Mtengenezaji hushinda zabuni kwa kupunguza kilo, hivyo kila papi hupewa nguvu inayotakiwa na kanuni, na pengine ziada ndogo sana. Nyumba ya zamani yenye boriti nzito huweza kuwa na akiba ambayo hakuna aliyeikusudia. Ghala la kisasa mara nyingi halina.

Hesabu ya papi moja

Mfano ufuatao unaonyesha namna hesabu inavyoanza. Tuseme ghala lina fremu kila baada ya mita 6, na papi zimepangwa kila baada ya mita 1.5. Kila papi basi hubeba eneo la mita za mraba 9.

Bati la geji 28 lina uzito wa takriban kilo 4 kwa mita ya mraba, kwa hiyo juu ya papi hiyo kuna kilo 36 za bati. Papi yenyewe yaweza kuwa na kilo 27. Jumla ya mzigo wa kudumu ni kilo 63 tu.

Juu ya hapo, msanifu huongeza mzigo wa muda, yaani watu wanaopanda kufanya matengenezo pamoja na vifaa vyao. Kanuni za Uingereza, ambazo zimetumika kwa miaka mingi Afrika Mashariki, ziliweka kiwango cha takriban kilo 60 kwa kila mita ya mraba kwa paa lisilo na mteremko mkali na ambalo halipandwi ila kwa matengenezo. Kwa papi hiyo ni kilo 540. Ukijumlisha na zile 63, papi ilisanifiwa kwa kilo 603.

Sasa zije paneli za jua. Paneli pamoja na vyuma vya kuzishikilia huwa na uzito wa kilo 15 hivi kwa mita ya mraba. Papi moja huongezewa kilo 135. Mzigo wake wa kudumu hupanda kutoka kilo 63 hadi kilo 198, zaidi ya mara tatu, na mzigo wote hufika kilo 738, ongezeko la asilimia 22.

Kanuni za Marekani zinazohusu majengo yaliyokwisha kujengwa hutoa kipimo cha haraka. Iwapo nyongeza haizidishi mzigo wa kiungo kwa zaidi ya asilimia 5, mhandisi anaweza kuiacha bila kukipigia hesabu upya. Katika mfano huu asilimia 5 ni kilo 30 tu, na paneli zimeipita zaidi ya mara nne. Haimaanishi kuwa paa litaanguka. Maana yake ni kuwa hakuna njia ya mkato, na hesabu kamili ni lazima.

Wapo wanaouliza: je, zile kilo 540 si akiba tosha ya kumeza kilo 135? Hoja hiyo ina ukweli kwa sehemu. Mahali palipofunikwa na paneli hapawezi tena kupangwa mabati wala kusimama kundi la mafundi, na zipo kanuni zinazomruhusu mhandisi kupunguza mzigo wa muda katika eneo hilo. Lakini upunguzaji huo hufanywa kwa hesabu na kwa masharti, wala si kwa kudhani.

Tena, hesabu ya hapo juu inachukulia kuwa mzigo umetawanywa sawasawa. Ikiwa miguu ya vyuma vya paneli imekanyaga papi moja na kuruka inayofuata, iliyokanyagwa hubeba fungu la papi mbili, yaani kilo 270. Paneli ni zilezile na paa ni lilelile, ila mahali pa kufunga bolti pamebadili kila kitu.

Tenki la maji ni balaa zaidi. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja kamili, bila kuhesabu tenki lenyewe. Uzito huo ni sawa na wa paneli zilizotandazwa kwenye mita za mraba 66, lakini wote umekusanyika mahali padogo, juu ya papi moja au mbili.

Urefu na kutu

Vitu viwili huweza kupotosha hesabu hata pale uzito unapojulikana. Cha kwanza ni urefu wa papi kati ya fremu na fremu. Papi ya mita 6 ikilinganishwa na ya mita 5 yenye unene uleule na mzigo uleule kwa kila mita, nguvu ya kuipinda huongezeka kwa asilimia 44, na kiasi cha kubonyea kwake huongezeka zaidi ya maradufu. Hivyo kusema kwamba jirani amefunga paneli kwenye paa kama hili na hakuna kilichotokea ni ushahidi dhaifu, kwa kuwa tofauti ya mita moja haionekani kwa macho kutoka barabarani.

Cha pili ni kutu. Papi nyingi zina unene wa milimita 2 hivi. Kutu ikila sehemu mbili za kumi za milimita kila upande, asilimia 20 ya unene imekwisha kutoweka. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar, ambako upepo huja na chumvi ya bahari, jambo hilo si la kubuni. Kutu hupenda kujificha palepale penye umuhimu: chini ya skrubu, kwenye maungio, na kando ya mifereji ya maji.

Maji na upepo

Mzigo mwingine ambao hakuna anayeupandisha ni maji ya mvua. Kina cha sentimita 1 ya maji ni kilo 10 kwa mita ya mraba. Mfereji ukizibwa na majani, na maji yakatuama kwa kina cha sentimita 5, paa lenye mteremko mdogo limeongezewa kilo 50 kwa mita ya mraba, zaidi ya mara tatu ya paneli. Hatari huzidi kwa kuwa paa likibonyea hukusanya maji mengi zaidi, na maji hayo huzidi kulibonyeza.

Juni 4, 1979, paa la ukumbi wa Kemper Arena katika jiji la Kansas City, Marekani, liliporomoka wakati wa mvua kubwa yenye upepo. Maji yalikuwa yametuama juu yake, na bolti zilizolining'iniza zilikuwa zimechoka kwa kutikiswa na upepo miaka kadhaa. Kwa bahati njema hakukuwa na mkusanyiko wa watu ndani, wala hakuna aliyekufa.

Upepo, kwa upande wake, hausukumi paa chini tu, bali pia hulivuta juu. Paneli zilizoinuliwa upande mmoja ili zielekee jua hukamata upepo mithili ya tanga la jahazi. Papi hapo hupata shida ya namna nyingine. Mzigo unapokuwa wa kushuka, ukingo wa juu wa papi ndio unaobanwa, nao umeshikwa na mabati usipinde. Upepo unapovuta juu, ukingo wa chini ndio unaobanwa, nao mara nyingi haukushikwa na kitu chochote, hivyo papi huweza kujipinda na kujisokota. Ndiyo maana mhandisi huuliza kama kuna vyuma vya kuzifunga papi pamoja katikati ya urefu wake.

Makosa ya Hartford

Kisa kingine kinachofundishwa katika vyuo vya uhandisi kinahusu ukumbi wa michezo wa Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Alfajiri ya Januari 18, 1978, paa lake kubwa la mtandao wa vyuma lilianguka kwa theluji. Saa chache kabla, maelfu ya watazamaji wa mpira wa kikapu walikuwa wameketi chini yake.

Theluji ndiyo iliyoonekana, lakini wachunguzi waligundua mengine. Uzito wa paa lenyewe ulikuwa umekadiriwa pungufu kwa takriban asilimia 20, na vyuma vya kuzuia viungo vya juu visipinde havikutosha. Wakati wa ujenzi paa lilipimwa na kuonekana limebonyea takriban mara mbili ya kiasi kilichotabiriwa na hesabu. Onyo hilo lilijulikana, likapuuzwa.

Mafunzo yake ni mawili. Kwanza, mtu asiyejua uzito ambao paa limekwisha kubeba hawezi kujua litakaloweza kuongezewa. Pili, paa linalobonyea kupita kiasi huwa linasema jambo, na wenye jengo wanapaswa kulisikiliza.

Ukaguzi unavyofanyika

Kazi ya kukagua huanzia kwenye makaratasi. Michoro ya miundo huonyesha vipimo vya papi na fremu, aina ya chuma na mizigo iliyotumika katika usanifu. Michoro mingine hutaja pia posho ya vitu vya kuning'iniza, kama taa na mabomba ya zimamoto. Posho hiyo ndiyo mwenye jengo huitegemea, lakini lazima iangaliwe kama haijaliwa tayari na dari au feni zilizofungwa baadaye. Dari ya bodi za jipsamu pekee huweza kuwa na kilo 8 au zaidi kwa mita ya mraba.

Michoro isipopatikana, mtengenezaji wa jengo anaweza kuwa na kumbukumbu, au halmashauri iliyotoa kibali cha ujenzi. Yote yakishindikana, vyuma hupimwa kimoja kimoja: kimo, upana, unene, nafasi kati yake na urefu wake. Unene hupimwa mahali palipokwanguliwa rangi na kutu, kwa kuwa kutu huvimba na kukifanya chuma kionekane kinene kuliko kilivyo. Nguvu ya chuma isipojulikana, huchukuliwa kiwango cha chini, au kipande hukatwa mahali salama na kupimwa maabara.

Hatua ya tatu ni kutazama hali halisi. Mkaguzi hutafuta papi zilizopinda au kusokoteka, bolti zilizolegea au kukosekana, mashimo yaliyotobolewa kupitisha mabomba, na vyuma vya mshazari vilivyokatwa ili kupisha mlango au mashine. Hilo la mwisho ni la kawaida kuliko inavyodhaniwa. Chuma chembamba cha mshazari huonekana kama pambo lisilo na kazi, kumbe ndicho kinachozuia fremu zisilale upepo unapovuma.

Ndipo hufuata hesabu, ngazi kwa ngazi: bati, papi, fremu, nguzo, msingi na kila kiungo, kwa mzigo wa kushuka na kwa upepo wa kuvuta juu. Kupanga mifuko ya mchanga au saruji juu ya paa ili kujaribu nguvu yake hakuwezi kuchukua nafasi ya hesabu hiyo. Asiye mtaalamu akifanya hivyo huenda akaliangusha paa analolijaribu, au akalijeruhi bila jeraha kuonekana.

Paa likionekana dhaifu

Jibu la mhandisi likiwa ni hapana, mradi haujafa. Papi za nyongeza zinaweza kuwekwa katikati ya zilizopo, au zilizopo zikaongezewa chuma. Miguu ya paneli inaweza kupangwa ikanyage kila papi badala ya kuruka. Mashine nzito zinaweza kusogezwa hadi juu ya fremu kuu au kwenye nguzo. Tenki la maji hufaa kujengewa mnara wake wenyewe, wenye msingi wake, pembeni mwa jengo. Penye uwanja, paneli huweza kusimikwa ardhini, au zikawa kivuli cha maegesho ya magari.

Umri wa bati nao uangaliwe. Haina maana kufunga paneli za kudumu miaka 25 juu ya mabati yatakayooza baada ya miaka 10, kwa kuwa siku ya kuyabadilisha kila paneli italazimika kushushwa na kupandishwa tena.

Mwenye jengo ana haki ya kudai taarifa ya maandishi inayotaja vipimo vilivyochukuliwa, mizigo iliyotumika na ngazi iliyo dhaifu kuliko zote, ikiwa na saini ya mhandisi wa miundo aliyesajiliwa. Tanzania kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na Kenya kuna Bodi ya Wahandisi ya nchi hiyo, ambako usajili wa mhandisi unaweza kuthibitishwa. Cheti cha fundi umeme au cha muuza paneli hakijibu swali la vyuma, hata kama mwenye nacho ni stadi wa kazi yake.

Kazi ikikamilika, taarifa hiyo itunzwe pamoja na michoro. Mifereji isafishwe kabla ya masika na vuli, na bolti zikaguliwe kila mwaka. Mtu mwingine atakapotaka kuongeza tenki au bango juu ya paa hilohilo, ataanza hesabu pale ilipoishia, badala ya kupanda juu na kukanyaga.